Sanduku la Maswali: Chemchemi ya Mito Minne ya Piazza Navona

Makala ya toleo lililopita kuhusu Chemchemi ya Mito Minne, mjini Roma, imetuletea barua nyingi, hasa za walimu na mafundi. Kwa asiyeisoma: ni chemchemi ya kujengwa iliyobuniwa na Gian Lorenzo Bernini kwa amri ya Papa Inosenti X, kati ya mwaka 1648 na 1651. Ina hodhi la mviringo, jabali la jiwe la travertino katikati, sanamu nne za marumaru za mito Nile, Ganges, Danube na Plata, na juu ya yote obeliski, yaani nguzo ndefu ya jiwe yenye ncha, iliyochongwa kwa itale nyekundu. Haya ndiyo maswali, na majibu yake.

Mmesema sanamu ya Nile imefunikwa kichwa kwa sababu chanzo cha mto hakikujulikana. Wanafunzi wangu wanaishi hapa hapa kwenye chanzo. Nani hakukijua? (Mwalimu wa historia, Jinja)

Swali la haki kabisa, Mwalimu, na makala yetu ilipaswa kulijibu tangu mwanzo. Wasiokijua ni watu wa Ulaya. Tangu enzi za Warumi wa kale, waandishi wao walibishana kuhusu Nile inakoanzia, na mchongaji Giacomo Antonio Fancelli, aliyeichonga sanamu hiyo kwa kufuata mchoro wa Bernini, aliugeuza ubishi huo kuwa kitambaa: jitu limeketi, mkono umeinuliwa, nguo imeangukia usoni.

Lakini hata huko Roma ujinga huo haukuwa kamili. Mwaka 1618 padri Mjesuiti wa Kihispania, Pedro Páez, alifika kwenye macho ya maji ya Nile ya Bluu katika nyanda za juu za Ethiopia, na Wajesuiti wenzake walikuwa na maelezo yake. Kwa hiyo chemchemi ilipozinduliwa Juni 1651, tawi moja la Nile lilikuwa limekwisha kufikiwa na mtu wa kanisa hilohilo. Lililobaki gizani, kwao, ni Nile Nyeupe.

Kwa watu wa Maziwa Makuu hakukuwa na giza. Wasoga na Waganda walivua samaki na kuvuka mto huo, wakiuita Kiyira. Na wafanyabiashara wa misafara wa Tabora, Waarabu na Waswahili, walilijua lile ziwa kubwa la kaskazini, Viktoria la leo, kabla Mzungu yeyote hajaliona. John Hanning Speke alipofika kwenye ufuko wake wa kusini, pande za Mwanza, mwezi Agosti 1858, alikuwa ameelekezwa na wafanyabiashara hao. Alirudi na msafara wa pili, uliotoka Bagamoyo mwaka 1860, na tarehe 28 Julai 1862 akasimama mbele ya maporomoko ambayo Waingereza waliyaita Ripon, hapo kwenu Jinja. Safari zote mbili alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, kisha akarudi kuwa kiongozi wa misafara na mkalimani. Ni jina ambalo wanafunzi wako wanapaswa kulijua sawasawa na la Speke. Wazungu wenyewe waliendelea kubishana hata baada ya hapo, mpaka Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875.

Ukihesabu kutoka uzinduzi wa chemchemi hadi siku Speke alipofika Jinja ni miaka 211. Maporomoko yenyewe hayaonekani tena. Yalizama baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954. Na ukitafuta mwanzo wa mbali zaidi utalivuka ziwa lenyewe, uupande Mto Kagera hadi vijito vya Burundi na msitu wa Nyungwe wa Rwanda.

Mwongoza watalii alituambia kwamba Mto Plata ameinua mkono kwa hofu kwamba kanisa lililo mbele yake litamwangukia, na kwamba Nile amejifunika ili asilione. Eti Bernini alikuwa akimdhihaki Borromini, msanifu wa kanisa hilo. Ni kweli? (Mwanafunzi, Roma)

Si kweli, na tarehe zinatosha kuthibitisha. Chemchemi ilizinduliwa mwaka 1651. Ujenzi wa kanisa la Sant'Agnese unaloliona leo ulianza mwaka 1652 chini ya Girolamo na Carlo Rainaldi. Francesco Borromini aliingia mwaka 1653. Sanamu haiwezi kuogopa ukuta ambao haujachorwa.

Ushindani wenyewe ulikuwepo, tena mkali, ila ulihusu jambo jingine. Borromini ndiye aliyepewa kazi ya kuleta maji zaidi uwanjani, na wazo la kuonyesha mito minne ya dunia linahesabiwa kuwa lake. Bernini wakati huo hakuwa na kibali. Mlinzi wake, Papa Urbano VIII, alifariki mwaka 1644, na mnara wa kengele aliouanza kwenye kanisa la Mtakatifu Petro ulibomolewa mwaka 1646 baada ya nyufa kuonekana. Hakualikwa hata kushindania chemchemi hii. Waandishi wa maisha yake wanasema Mwanamfalme Niccolò Ludovisi, aliyeoa katika ukoo wa Papa, alimtaka atengeneze kielelezo kidogo, kikawekwa katika jumba la ukoo huo mahali ambapo Papa hangeweza kupita bila kukiona. Papa akakiona, na kazi ikahama mikono. Borromini alikuwa na sababu ya kukasirika, na haihitaji kuongezewa hadithi ya mkono ulioinuliwa.

Karne ya 17 hapakuwa na pampu ya umeme. Maji yalipandaje? Naomba jibu la kifundi, kwani nimeombwa kujenga chemchemi ndogo katika shule isiyo na umeme wa uhakika. (Fundi bomba, Morogoro)

Hayakupanda, fundi. Yalishuka tu, na hapo ndipo ustadi wa kazi hii ulipo.

Maji ni ya mfereji uitwao Acqua Vergine, uliojengwa na Marcus Agrippa mwaka 19 kabla ya Kristo. Macho yake ya maji yako mashariki ya Roma, kwenye kimo cha mita 24 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Mfereji una urefu wa kilomita 20 na ushei, karibu wote chini ya ardhi, na katika safari nzima unashuka mita 4 hivi. Piga hesabu: ni sentimita 20 kwa kila kilomita. Fundi wa leo mwenye kipimo cha leza angefikiri mara mbili kabla ya kukubali mteremko huo. Ukizidisha, unapoteza kimo unachokihitaji mjini. Ukipunguza, maji yanatuama na tope linajaa.

Matokeo yake ni kwamba Acqua Vergine huingia Roma ikiwa chini. Haina nguvu ya kurusha maji juu, wala haifiki mitaa ya vilimani. Katika uwanja wa Piazza di Spagna, maji hayohayo yalimlazimu Pietro Bernini, baba yake Gian Lorenzo, kuchimba hodhi chini ya usawa wa barabara na kulichonga kama mashua inayovuja, kati ya mwaka 1627 na 1629. Mwana akatafuta njia nyingine Piazza Navona: mawe ndiyo yabebe urefu, maji yafanye upana. Maji hutoka chini, kwenye nyufa za jabali na katikati ya majitu, yakatanda na kuanguka hodhini. Jicho la mtazamaji hupanda na obeliski, na huoni kwamba maji yenyewe hayakupanda. Linganisha na uwanja wa Mtakatifu Petro, ambako maji hutoka mfereji wa Acqua Paola, unaoingia mjini kwa juu, kilima cha Gianicolo. Pale yanaruka kwa sababu yana kimo cha kuyasukuma.

Sasa kazi yako. Kila mita moja ya kimo, kutoka uso wa maji tangini hadi mdomo wa chemchemi, inakupa presha ya takriban bar 0.1. Maji hayawezi kuruka kupita uso wa maji ya tangi. Siku zote yataishia chini yake. Tuseme uso wa maji uko mita 4 juu ya mdomo, na mdomo una tundu la milimita 10. Utatumia lita 38 hivi kwa dakika, na tangi la lita 1,000 litakwisha kwa dakika 26. Punguza tundu liwe milimita 5, matumizi yanashuka hadi robo, lita 9 au 10 kwa dakika, na tangi hilohilo litakwenda zaidi ya saa moja na nusu. Kwa shule, chagua milimita 5.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni bomba jembamba. Ukilaza bomba la inchi 1 kwa mita 30 ukiwa na tundu la milimita 10, msuguano utakula karibu mita moja na nusu ya kimo chako, na mita 4 zitabaki mbili na nusu. Bomba la inchi 2 kwa umbali huohuo litakula chini ya sentimita 10. Kwa hiyo tumia bomba pana mpaka chini ya chemchemi, kisha ubane mdomoni tu. Bomba lisipande na kushuka njiani: hewa hukusanyika kwenye nundu na kuziba maji nusu nusu, ndipo chemchemi inakohoa. Kama nundu haikwepeki, weka valvu ya kutolea hewa juu yake. Weka pia chujio kabla ya mdomo, pahali ambapo mtu anaweza kulifungua na kulisafisha bila kuingia majini.

Hodhi liwe na kipenyo kisichopungua mara mbili ya urefu wa mruko. Mruko wa mita 2 unataka hodhi la mita 4, la sivyo upepo wa mchana utamwaga maji yako uwanjani. Na kama huwezi kuyarudisha maji tangini, wala huna mto wa kujaza, jenga kama Bernini: rundo la mawe mazuri, na maji machache yakitiririka chini yake. Tungependekeza hilo hata ukiwa na pampu.

Obeliski ni ya Misri kweli? Na inasimamaje juu ya jabali lililo wazi katikati? (Msomaji, Unguja)

Jiwe ni la Misri, itale ya Aswan. Maandishi ni ya Roma: yalichongwa kwa ajili ya Kaisari Domitian, aliyetawala mwaka 81 hadi 96, na jina lake limo ndani yake kwa herufi za Kimisri. Baadaye obeliski ilihamishiwa kwenye uwanja wa mbio wa Maxentius kando ya barabara ya Via Appia, ikaanguka na kuvunjika vipande. Papa Inosenti X alikwenda kuviona mwaka 1647, akaamuru viletwe. Mjesuiti Athanasius Kircher alitafsiri maandishi hayo kwa kujiamini sana, lakini tafsiri yake haikuwa sahihi. Herufi hizo hazikusomeka hadi kazi ya msomi Mfaransa Champollion mwaka 1822.

Jiwe lina urefu wa zaidi ya mita 16. Jabali chini yake limetobolewa pande zote nne, hata mtu akisimama upande mmoja huona upande wa pili. Uzito haushuki katikati. Unagawanyika kwenye miguu minne ya pembeni, na miguu hiyo imetanuka kuelekea chini ili kuuzuia msukumo wa kwenda nje. Majitu manne yamekaa hapo hapo miguuni. Ni jambo la kuthubutu, nasi tunaliona kuwa bora kuliko sanamu zenyewe, ingawa watalii wengi hupiga picha za nyuso.

Adui wa ujenzi wa aina hii ni kutu. Mafundi wa zamani walifunga mawe kwa vibanio vya chuma vilivyomiminiwa madini ya risasi iliyoyeyushwa. Risasi ikipasuka na maji yakaingia, chuma kinashika kutu, kinavimba mara kadhaa ya unene wake, na jiwe linapasuka kutoka ndani. Ufa mwembamba wenye doa la rangi ya kahawia ndiyo dalili ya kwanza.

Nani alilipa? (Msomaji, Kisumu)

Wananchi, kwa kodi, hata za vyakula, katika miaka ambayo mavuno yalikuwa mabaya na mkate ulikuwa ghali. Waroma walibandika mashairi ya kulalamika kwenye mawe ya ujenzi wakisema hawataki obeliski wala chemchemi, wanataka mkate. Jumba la ukoo wa Papa, Pamphilj, liko uwanjani hapo hapo, na kila mtu alielewa uwanja unapambwa kwa ajili ya nani.

Nimeona mchoro wa zamani wa magari ya farasi yakipita ndani ya maji Piazza Navona. Yalikuwa mafuriko? (Msomaji, Dar es Salaam)

La, ilikuwa sherehe. Kuanzia mwaka 1652 hadi katikati ya karne ya 19, Jumamosi na Jumapili za Agosti, matundu ya kutolea maji ya chemchemi yalizibwa na maji yakaachwa yafurike uwanjani. Wakati huo sakafu ya uwanja ilikuwa na bonde katikati, kwa hiyo maji yalikusanyika yenyewe na kuwa ziwa la kina kifupi. Matajiri walilipita kwa magari yao, watoto waliogelea, na farasi walipoa miguu katika joto la Agosti. Baadaye sakafu ilitengenezwa upya na kuinuliwa katikati, na mchezo ukawa hauwezekani tena.

Urefu wa uwanja, kwa wanaoshangaa kwa nini ni mwembamba na ncha yake moja ni ya duara, unatokana na kiwanja cha michezo alichokijenga Domitian huyohuyo mnamo mwaka 86. Nyumba za leo zimesimama juu ya viti vya watazamaji. Upande wa kaskazini, kwa nje, matao ya kiwanja bado yanaonekana mita kadhaa chini ya barabara. Kuanzia karne ya 15 mpaka 1869 palikuwa na soko kubwa la mji, kisha likahamishiwa Campo de' Fiori.

Birika la msikiti wetu lina vipande vya marumaru vyenye ukoko mweupe. Tusafishe kwa ndimu au siki, kama wanavyosafisha sanamu za Roma? (Msomaji, Lamu)

Tafadhali msitumie ndimu, siki wala dawa ya choo. Hakuna mtaalamu wa mawe anayemwaga asidi kwenye marumaru. Ukoko huo ni chokaa iliyoachwa na maji, na marumaru nayo kwa asili ni chokaa; asidi haijui tofauti. Itakula ukoko, kisha itakula uso wa jiwe, na jiwe lililokwaruka hivyo hushika uchafu haraka zaidi kuliko awali. Mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa ya birika lenyewe yataharibika vilevile.

Punguzeni maji hadi chini ya ukoko. Ulowesheni kwa matambara yaliyolowa maji matupu kwa saa kadhaa, bila kuyaacha yakauke. Kisha sugueni kwa brashi ya nailoni, na palipo pagumu mtumie kijiti cha mti kilichochongwa bapa. Brashi ya waya huacha chembe za chuma zinazoshika kutu. Ukoko mnene kuliko milimita mbili mwachieni mtu wa kazi hiyo, kwa patasi ndogo. Utelezi wa kijani ni mwani, nao hutoka kwa brashi na sabuni isiyo kali, ikisuuzwa vizuri. Mstari mweupe hutokea pale maji yanapopanda na kushuka, basi ujazo ukikaa sawa, kazi itapungua. Kama mnafuga samaki wa kula viluwiluwi vya mbu, watoeni kwanza.

Chemchemi mbili za pembeni nazo ni za Bernini? Na maji yanafaa kunywa? (Msomaji, Muscat)

Mahodhi ya zote mbili ni ya Giacomo della Porta, miaka ya 1570. Ile ya kusini, ya Mmoro, iliongezewa sanamu ya katikati kwa mchoro wa Bernini, ikachongwa na Giovanni Antonio Mari. Sanamu zinazoizunguka ni nakala za karne ya 19, kwa hiyo mtu aliyeivunja kwa jiwe Septemba 2011 hakugusa kazi za asili. Ile ya kaskazini ilikaa karibu miaka 300 bila sanamu. Neptuni anayepigana na pweza aliwekwa mwaka 1878.

Maji ya mahodhi msiyanywe, na kuingia ndani ni marufuku yenye faini. Tumieni mabomba ya mtaani ya chuma cha kusubu, nasoni kama wanavyoyaita wenyeji, yaliyoanza kuwekwa mwaka 1874. Yako zaidi ya 2,000 mjini na maji yake ni safi ya kunywa. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, na maji yatatokea kwenye tundu dogo la juu yake, unywe bila kuinama.